Kangaja Buluu Akigoma Kula: Vidokezo 12

Ni vigumu kufuga samaki wa maji ya chumvi bila kumtamani kangaja buluu. Mwili wake ni wa samawati iliyokolea, uso mweusi, kidevu cheupe, na mgongoni ana pezi la njano lililonyooka tangu nyuma ya kichwa hadi karibu na mkia. Kitaalamu ni Acanthurus leucosternon. Kwao ni Bahari ya Hindi, kuanzia miamba ya Afrika Mashariki hadi Bahari ya Andaman, na Kenya ni mojawapo ya nchi zinazovua samaki wa mapambo wa baharini na kuwauza nje.

Shida huanza akishafika nyumbani. Unatia chakula, samaki wengine wanakigombania, yeye anakipita kama hakioni. Siku ya tatu tumbo limeanza kubonyea. Wafugaji wengi husema huyu ni mteuzi. Ukweli ni kwamba kangaja ana namna yake ya kula aliyoizoea tangu udogoni, na chakula tunachompa hakifanani nayo kwa umbo, kwa mahali wala kwa wakati. Kazi yetu ni kukifananisha, na inawezekana.

1. Mwone akila kabla ya kumlipia

Mwombe muuzaji amlishe ukiwa umesimama pale. Samaki anayedonoa mawe au kioo, hata kama hajagusa chakula cha dukani, ana matumaini. Aliyejibanza pembeni bila kudonoa chochote, mwache. Mtazame kwa mbele pia: kangaja mwenye afya amejaa nyuma ya kichwa na juu ya mgongo. Ukiona mgongo umechongoka kama ukingo wa kisu, ujue ameshakaa na njaa muda mrefu, na kumrudisha ni kazi ngumu.

2. Jua anavyokula baharini

Kangaja hula kama mbuzi: anatembea, anadonoa, anasogea, anadonoa tena, tangu jua linapochomoza hadi linapozama. Chakula chake kikuu ni mwani mfupi uliojishikiza kwenye mwamba, nao anaukwangua kwa mdomo mdogo wenye meno bapa. Wakati mwingine hula katika kundi kubwa. Hakai akisubiri chakula kidondoke kutoka juu, kwa hiyo kinachoelea juu ya maji hakitambui.

Hata utumbo wake umeumbwa kwa kazi hiyo. Ndani ya matumbo ya jamii ya kangaja kunaishi vijidudu wanaohusiana na usagaji wa mwani. Mwaka 1985 wanasayansi walieleza kijidudu kimoja kutoka kwa kangaja wa Bahari ya Shamu, kikubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Mwaka 1993 ikathibitishwa kwamba ni bakteria, mwenye urefu unaoweza kufika zaidi ya nusu milimita. Samaki mwenye utumbo wa namna hiyo hawezi kuishi kwa mlo mmoja wa jioni.

3. Mpe nafasi na utulivu kwanza

Samaki mwenye hofu hali. Kangaja buluu ni mwogeleaji, anahitaji tangi lenye urefu wa mita 1.8 na ujazo wa lita 450 au zaidi. Panga mawe yawe na mapango anayoweza kuingia upande huu na kutokea upande wa pili. Siku ya kwanza zima taa za tangi au zipunguze, na usimsumbue kwa kuchungulia kila dakika. Joto la maji liwe kati ya nyuzi 24 na 27, na kipimo cha chumvi kisimame kwenye 1.025 bila kupanda na kushuka.

Usimtie katika tangi jipya ambalo mawe yake bado ni meupe pee. Tangi lililokaa miezi kadhaa, lenye ukungu wa kijani na kahawia juu ya mawe, tayari lina chakula anachokitambua.

4. Anza na jiwe lenye mwani

Hii ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote, na haina gharama kubwa. Chukua mawe kadhaa madogo ya tangini, yaweke kwenye ndoo au beseni la maji ya chumvi mahali penye jua, pamoja na pampu ndogo ya kuzungusha maji. Jazia maji yasiyo na chumvi badala ya yale yanayopungua kwa mvuke, ili chumvi isizidi. Baada ya wiki chache mawe yataota manyoya ya kijani. Tia jiwe moja tangini, likae karibu na pango lake. Likishakwanguliwa, litoe, tia jingine, na lile la kwanza lirudishe juani likaote upya.

Mgeni aliyekataa kila kitu mara nyingi huanza hapa. Kwake huu si mlo mgeni: ni mwani ulioshika jiwe, kama alivyouacha kwao.

5. Mfundishe nori kwa hatua

Nori ni karatasi za mwani mwekundu uliokaushwa, zile zinazotumika kufungia sushi, na supamaketi nyingi za mijini zinaziuza. Nunua ile isiyotiwa chumvi, mafuta, sukari wala viungo. Soma pakiti vizuri, kwa sababu nori ya kutafuna kama kitafunwa karibu kila mara imetiwa mafuta.

Usianze na klipu kwenye kioo. Kata kipande cha nusu kiganja, kizungushie kwenye jiwe bapa, ukifunge kwa raba bendi mbili ili kisichomoke. Liweke jiwe chini, mahali anapopitapita. Kisha rudi nyuma ukae kimya. Atakuja, atasimama ubavu ili alitazame kwa jicho moja, ataondoka. Atarudi. Atadonoa mara moja na kutema. Usikate tamaa hapo, kutema ni kuonja. Akishaanza kung'oa vipande na kumeza, sogeza jiwe karibu na kioo siku hadi siku, kisha hamia kwenye klipu. Nori ya klipu ni rahisi kubadilisha na rahisi kutoa inapolegea.

6. Badilisha aina za mwani

Nori peke yake si lishe kamili. Mpe mwani mwekundu, wa kijani na wa kahawia kwa zamu. Wanaoishi pwani wana bahati: mwani wa kijani wenye majani mapana membamba, Ulva, huota kwenye mawe ya ufukweni, na mwekundu wa Gracilaria nao unapatikana. Chuma mbali na bandari, mifereji ya maji machafu na hoteli, na usiguse kitu ndani ya hifadhi za bahari. Suuza kwa maji ya chumvi, kisha uchovye dakika chache kwenye maji baridi yasiyo na chumvi ili kaa wadogo na konokono waachie. Kinachobaki gandisha kwenye friza katika vifurushi vya mlo mmoja mmoja.

Zanzibar kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989, na wakulima wa Paje na Jambiani wanajua vizuri kwamba samaki wala mwani, hasa tasi, huingia mashambani kujilia. Kipande kibichi cha mwani wa shambani, kilichosuuzwa vizuri, kinafaa kujaribiwa. Ule uliokaushwa juu ya mchanga kwa ajili ya kuuzwa, uache.

7. Tumia chakula cha nyama kama chambo

Kangaja ni mla mwani, lakini mwendo wa kiumbe mdogo majini humwamsha. Vijikamba kama Artemia hai au mysis walioyeyushwa kutoka kwenye barafu wanaweza kumfanya afungue kinywa kwa mara ya kwanza. Akishafungua, changanya chakula hicho na vidonge vidogo vya spirulina vilivyoloweshwa, na nyama uipunguze taratibu. Ibaki sehemu ndogo tu ya mlo wake.

8. Mchicha na letusi viache jikoni

Mboga za bustanini samaki anaweza kuzidonoa, ndiyo maana mfugaji hudhani amepata suluhisho. Lakini letusi ni maji matupu kwa sehemu kubwa, na hakuna jani la bustanini lenye lishe aliyoizoea samaki wa baharini. Anaweza kushiba huku anakonda. Mwani wa baharini ndio chakula chake.

9. Kidogo kidogo, mara nyingi

Ratiba inayofaa ni hii: asubuhi taa zinapowaka, tia nori au mwani mbichi. Mchana ongeza vidonge vya spirulina kiasi kitakacholiwa ndani ya dakika mbili. Alasiri tia kipande kingine cha mwani, na kabla ya taa kuzimwa mpe mlo mdogo wa mchanganyiko. Ukienda kazini kutwa, klipu mbili za nori zilizowekwa pande tofauti zitamshikilia.

Mwani uliobaki usilale tangini. Nori iliyolegea huchanika, huingia kwenye chujio na kuoza, na nitrati hupanda. Toa mabaki kila jioni, na panga ratiba ya kubadilisha sehemu ya maji, kwa sababu samaki anayelishwa vizuri anachafua zaidi.

10. Chagua majirani kwa makini

Kangaja ana mwiba mkali kila upande wa shina la mkia, na anajua kuutumia. Kangaja mwenyeji anaweza kumfukuza mgeni kutoka kwenye kila kipande cha chakula hadi afe njaa katikati ya shibe. Kwa hiyo kangaja buluu aingie mwisho, na ikiwezekana awe peke yake wa jamii yake. Kama kuna ugomvi, mtenge ndani ya kisanduku cha plastiki chenye matundu, humo humo tangini, siku kadhaa, umlishe humo huku wenzake wakimzoea.

Upande wa pili, jirani mpole anayekula vizuri ni mwalimu. Samaki mwoga anapomwona mwenzake anang'oa nori bila kudhurika, naye husogea.

11. Linda ngozi yake kwa vitamini na maji safi

Kangaja anayelishwa vibaya hupauka, na wengine hupata vishimo na mabaka kichwani na kwenye mstari wa ubavuni. Lowesha vidonge na vyakula vya barafu kwenye matone ya vitamini za samaki, hasa zenye vitamini C, mara mbili tatu kwa wiki.

Chunguza pia mkaa wa kuchujia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la North American Journal of Aquaculture ulionyesha kwamba kangaja wa Atlantiki waliofugwa kwenye maji yanayopitia mkaa laini walipata mabaka hayo, na wale wasiowekewa mkaa hawakupata. Ukilazimika kuutumia, chagua wa chembe ngumu, uusuuze mpaka maji yatoke meupe, na uutoe kazi ikiisha.

12. Tofautisha ugomaji na ugonjwa

Kangaja buluu anajulikana kwa kushikwa upesi na ugonjwa wa madoa meupe unaoletwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Ukiona punje kama chumvi kwenye mapezi, pumzi za haraka, au anajikwaruza kwenye mawe, usihangaike kubadilisha chakula: tibu kwanza. Njia bora ni kumtenga kila mgeni kwenye tangi lake peke yake wiki nne au zaidi kabla ya kumchanganya, na humo ndimo pa kumfundishia kula bila ushindani. Fahamu kwamba dawa za shaba hupunguza hamu ya kula, hivyo wakati wa tiba mpe kile anachokipenda zaidi, na fuata kipimo cha dawa bila kubahatisha.

Kuhusu kitunguu saumu: wafugaji wengi hulowesha chakula kwenye maji yake ili harufu imvute samaki. Jaribu ukipenda, lakini usikitegemee kama dawa ya madoa meupe.

Utajuaje kwamba umefanikiwa? Tazama mgongo, usitazame tumbo peke yake. Tumbo hujaa kwa mlo mmoja na kubonyea usiku. Nyama ya nyuma ya kichwa hurudi polepole, kwa wiki nyingi za mlo usiokatika. Siku utakayomwona mnene pale, rangi imekolea, anakuja kwenye klipu kabla hujatoa mkono majini, amezoea.

Na kama huna tangi la ukubwa huo, au hakuna mtu nyumbani wa kutia mwani kila siku, usimnunue. Kangaja wana kazi kwenye miamba yetu: hula mwani ambao ukiachwa ungefunika matumbawe. Anayemtoa huko amlishe vizuri, na asiyeweza amwache baharini.