Uchunguzi wa Afya ya Mwanafunzi: Mhuri Peke Yake Hautoshi

Mwanafunzi anayechaguliwa kujiunga na Kidato cha Kwanza au cha Tano hupewa maelekezo ya kujiunga na shule. Pamoja na orodha ya sare na madaftari, ndani yake huwamo fomu ya uchunguzi wa afya inayopaswa kujazwa na mganga. Wapo wazazi wanaoiona fomu hiyo kuwa ni karatasi ya kugongwa mhuri tu, nao huipeleka kituoni siku moja kabla ya safari, pengine bila mtoto mwenyewe. Makala haya yanaeleza asili ya uchunguzi huo na faida yake kwa mtoto.

Asili yake

Mfumo wetu wa shule ulirithi mengi kutoka kwa Waingereza, walioitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Nchini mwao, wakati wa Vita vya Makaburu vya mwaka 1899 hadi 1902, vijana wengi waliotaka kuingia jeshini walikataliwa kwa udhaifu wa mwili. Kamati iliyochunguza jambo hilo ilitoa taarifa mwaka 1904 na kupendekeza watoto wapimwe wakiwa shuleni. Sheria ikapitishwa mwaka 1907, na upimaji ukaanza mwaka 1908. Madaktari walikuta meno yaliyooza, chawa, masikio yanayotoa usaha, na macho yasiyoona ubaoni.

Vijana waliowania ufadhili wa masomo au mafunzo ya ualimu nao walipimwa. Kwao daktari alikuwa na kazi ya pili: kuamua kama mwili ungestahimili miaka ya masomo. Hivyo tangu mwanzo uchunguzi ulikuwa na sura mbili, kutibu na kuchuja, na hofu ya kuchujwa huweza kumfanya mtu afiche ugonjwa wake.

Palikuwa pia na kasoro kubwa. Sheria ya mwaka 1907 ililazimisha kupima, lakini haikulazimisha kutibu. Mzazi aliambiwa mwanawe ni mgonjwa, kisha akaachwa atafute fedha mwenyewe. Margaret McMillan na dada yake Rachel walifungua kliniki ya wanafunzi huko Deptford, London, mwaka 1910, ili mtoto aliyepimwa apate pia tiba. Mwaka 1918 sheria mpya iliwapa wasimamizi wa elimu wajibu wa kuhakikisha kuwa tiba inapatikana.

Hali ya kwetu

Fundisho hilo linatuhusu. Watoto wa milima ya Uluguru na mabonde yake hukabiliwa na malaria, minyoo na kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vya kichocho hupenda maji yaliyotuama au yaendayo polepole penye majani, kama mifereji na majaruba ya mpunga. Mtoto wa mlimani anayeshuka bondeni kusaidia shambani anaweza kuambukizwa bila kujua, kwa kuwa vimelea hupenya ngozi. Damu katika mkojo ni dalili mojawapo, lakini watoto wengi huona aibu kuisema. Kipimo cha mkojo au choo husema kwa niaba yao.

Vivyo hivyo kwa macho. Mtoto asiyeona ubaoni huweza kuitwa mvivu au mzito wa kuelewa, kumbe anahitaji miwani tu.

Wajibu wa mzazi na mlezi

1. Nenda na mtoto kituoni mapema, ili tatizo likionekana tiba ianze kabla ya shule kufunguliwa.

2. Mweleze mganga ukweli. Pumu, kifafa, selimundu na kisukari visifichwe. Katika shule ya bweni, mlezi asiyejua hali ya mtoto hawezi kumsaidia usiku anapozidiwa.

3. Uliza kila kipimo kimeonyesha nini, na kama kuna dawa au rufaa. Hakikisha tiba inakamilika.

4. Kabla ya kukabidhi fomu shuleni, tunza nakala yake nyumbani.

5. Siku ya kugawa dawa za minyoo na kichocho shuleni, mpe mtoto chakula kabla hajaondoka. Dawa ya kichocho hupimwa kwa kufuata urefu wa mtoto, na ikimezwa tumbo likiwa tupu huweza kumletea kichefuchefu.

Nao walimu wanaombwa kumtazama mtoto anayesogeza daftari karibu na uso, anayeitwa asiitike, au anayesinzia kila siku, na kumjulisha mzazi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mhuri huifanya fomu ikubalike shuleni, lakini mtoto hunufaika pale tu anapopimwa kweli na kutibiwa kwa kile kilichoonekana.