Somo kwa Wamama: Chatini ya Majani ya Kupakaa Mkate

Leo tunajifunza jambo la jikoni, maana afya ya mtoto inaanza jikoni mbele ya kufika hospitali.

Asubuhi, ukitaka kwenda shamba na watoto kwenda masomo, mara nyingi mtoto anapata kipande cha mkate mkavu na chai, basi. Tumbo limejaa, lakini mwili unakosa chakula cha kuulinda. Mkate na muhogo vinatia nguvu. Majani yanalinda macho na damu. Lakini majani yakitengenezwa vibaya, yanaleta kuhara. Ndiyo sababu ya somo hili.

CHATINI NI NINI?

Ni mchuzi mzito wa majani yaliyotwangwa pamoja na pilipili, chumvi na ndimu. Ni chakula cha Wahindi. Kule Mombasa na Zanzibar wanatumia jani la kotmiri, ambalo Wakenya wanaliita dania. Sisi wa Bengamisa tusitafute mbali: tuko na lumba-lumba na majani ya kitunguu.

VITU VYA LAZIMA

– Lumba-lumba, mkono mmoja
– Majani ya kitunguu, mkono mmoja
– Kalanga zilizokaangwa, vijiko 3
– Ndimu 1
– Pilipili mbichi 1, na chumvi kidogo

NAMNA YA KUTENGENEZA

1. Nawa mikono kwa sabuni.
2. Osha kinu na mchi, halafu uvimwagie maji ya moto sana. Kama ulitwanga sombe mbichi ndani yake, osha mara mbili.
3. Osha majani, pilipili na ndimu mpaka udongo uishe.
4. Chemsha maji. Yakitokota sana, tia majani na pilipili, hesabu dakika moja, kisha uyatoe.
5. Twanga kalanga kwanza mpaka zilainike kabisa. Ongeza majani, pilipili na chumvi, utwange tena.
6. Kamulia ndimu. Kama ni nzito mno, ongeza kijiko kimoja cha maji yaliyochemshwa.
7. Pakaa juu ya mkate. Ni tamu pia na ndizi ya kuchoma au muhogo.

Kalanga zina mafuta, na mafuta yanasaidia mwili kupokea vitamini A ya majani, ile inayolinda macho. Ndimu inasaidia mwili kupokea chuma, kile kinachojenga damu. Basi usiache kimoja.

ANGALIA SANA

Mama mmoja aliuliza: «Mama mwuguzi, sababu gani kuchemsha? Pilipili ni kali na ndimu ni chungu, haziui vidudu?» Hapana, mama. Ukali unachoma ulimi wetu, lakini vidudu vya kuhara vinaweza kubaki vizima. Majani yaliyooshwa mtoni tu yanaweza kubeba uchafu wa watu na wa nyama. Kinachoua vidudu ni moto.

Sombe usiitie kamwe katika chatini. Majani ya muhogo mabichi yana sumu. Ni lazima kuyatwanga na kuyapika muda mrefu.

Kalanga zenye ukungu au zilizogeuka rangi, tupa. Usiseme ni hasara: zina sumu inayoharibu maini.

Tengeneza ya kuliwa siku ile ile. Usiilaze mpaka kesho.

Mtoto mwenye chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu, hata maji usimpe. Mtoto mdogo aliyeanza kula, umtengenezee yake bila pilipili na bila chumvi, na kalanga ziwe laini kama unga, asipaliwe. Ukiisha kushika pilipili, nawa tena mbele ya kumgusa macho.

Mtoto akihara, usimkatalie chakula wala ziwa. Umpe maji ya ORS na umlete kwetu upesi, zaidi sana kama macho yameingia ndani au kuna damu katika choo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini ndimu haitoshi kuua vidudu?
2. Ni majani gani hatuyali mabichi?
3. Mtoto wa miezi 4 anakula nini?

Mama, Mungu ametupatia majani karibu na mlango. Tuyatengeneze kwa mikono safi. Ukirudi siku ya kupima watoto, utuambie kama walimaliza mkate wao.