Dondoo muhimu: Kulinganisha waya za spika

Cha kuangalia kwanza katika waya wa spika ni unene wa shaba, si wa ganda la plastiki. Waya wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 5 huongeza ukinzani wa ohmu 0.12 hivi, kwenda na kurudi. Kwa spika ya ohmu 8, hicho ni kiasi kidogo mno kusikika. Waya wa milimita 0.5 za mraba hufikia ohmu 0.34, na hapo tofauti huweza kuanza kujitokeza. Waya nyingi za bei rahisi ni alumini iliyopakwa shaba: ncha ikikwanguliwa kwa wembe, weupe huonekana. Za aina hiyo zinunuliwe nene zaidi.

Katika kulinganisha kwa masikio, wimbo na kiwango cha sauti viwe vilevile, na msikilizaji asijue ni waya upi umeunganishwa; bei ikishajulikana, sikio hudanganyika. Chanya na hasi zisipishane, kwani spika moja ikigeuzwa, besi hupwaya. Plagi zilizopakwa dhahabu hazishiki kutu upesi, jambo lenye maana pwani. Sauti haziiongezei kitu.