Siri ya Nyumba Isiwe Siri Kati Yenu

Wapendwa wanandoa, katika EastEnders, mchezo wa televisheni wa Uingereza ulioanza mwaka 1985, msichana Zoe aligundua mwaka 2001 kwamba Kat, aliyemdhani dada yake, ndiye mama yake mzazi. Jamaa walificha miaka mingi. Ukweli ukatoka barabarani, kwa ugomvi.

Kwetu Mji wa Kale nyumba zimebanana, na neno la dirishani hufika barazani upesi. Kumsitiri mwenzako kwa majirani ni vyema. Kumficha yeye mwenyewe ni jambo jingine. Ikiwa ulizaa kabla ya ndoa, mwambie wewe, mkiwa wawili. Nawe uliyeambiwa, sikiliza kwanza. Mficha uchi hazai.

Jadilianeni: Je, jirani anajua lipi ambalo mwenzako halijui?