Somo kwa wamama wenye kunyonyesha: Je, bia inaleta maziwa?



Hapa Kasapa, na katika Lubumbashi yote, mama akizaa, nkambo na washangazi wanafika na shauri moja: "Kunywa bia nyeusi, maziwa yatashuka." Wengine wanaongeza lutuku kidogo ya kupasha mwili moto. Wanafanya hivyo kwa mapendo. Lakini tuchunguze kama shauri hilo ni la kweli.

Pombe inaingia katika damu, na toka damu inapita mpaka katika maziwa. Ukali wake katika maziwa ni karibu sawa na ule wa damu, na unapanda juu kabisa kati ya dakika 30 na saa moja kiisha kunywa. Mama akiwa amekula, inakawia kidogo. Maini ya mutoto muchanga hayana bado nguvu ya kuivunja kama yetu wakubwa.

Kule Philadelphia, Marekani, katika mwaka 1991, Julie Mennella na Gary Beauchamp walitangaza kazi waliyofanya na wamama 12. Siku moja mama alikunywa pombe kidogo ndani ya maji ya machungwa, siku ingine machungwa matupu. Siku ya pombe watoto walivuta kwa bidii mwanzoni, lakini walipata maziwa machache kuliko siku ile ingine. Kiisha, mwaka 2005, ikaonekana sababu. Mwilini mwa mama kuna homoni mbili: moja inatengeneza maziwa, ya pili inayasukuma yatoke. Pombe inapandisha ile ya kwanza, inashusha ya pili. Kifua kinajaa na kukaza, mama anasema: "Nkambo alisema kweli." Kumbe mutoto anavuta, maziwa hayatoki vizuri.

Ndiyo maana neno hili si dogo. Tunaletewa watoto kwa maombi, kilo hazipandi, usingizi wao wa kukatika-katika, na jamaa imekwisha kumutafuta mulozi ndani ya lupango. Tutaomba, ndiyo. Lakini tuulize pia mama anakunywa nini kila siku, na tumutume kwa munganga, maana malaria na kuhara vinarudisha kilo nyuma vilevile. Vere moja siku ya ndoa si sawa na kikombe cha lutuku kila jioni. Mazoea ya kila siku ndiyo yenye kuharibu.

Mama aliyekunywa afanye nini? Chupa kubwa moja ya bia inaomba masaa 4 mpaka 5 ili itoke katika maziwa. Lutuku hakuna mwenye kujua nguvu yake, kila mupishi na yake. Kukamua na kumwaga hakuharakishi kitu: damu ikisafika, maziwa yanasafika. Na asilale kitanda kimoja na mutoto usiku huo, anaweza kumulalia bila kusikia.

Lakini asimuachishe mutoto kifua kwa sababu hiyo! OMS inashauri miezi 6 ya kifua peke yake, hata maji hapana, kiisha kifua pamoja na chakula mpaka miaka 2 na zaidi.

Chenye kuleta maziwa ni kinywa cha mutoto mwenyewe: akinyonya mara nyingi, muchana na usiku, yanaongezeka. Mama naye ale bukari na sombe, maharagi, uji wa karanga, akunywe maji. Munkoyo wa leo hauna shida kubwa, ule uliolala siku tatu ni pombe.

Na wenye mimba? Someni Waamuzi 13, malaika alimukataza mama ya Samsoni divai mbele ya kuzaa, si kiisha.

Wapapa, mushike karte ya kupima kilo, muiangalie ninyi wenyewe. Mutoto muzima anafikisha kilo za kuzaliwa mara mbili karibu miezi 5 au 6. Kama mustari umelala miezi miwili, mupeleke ku santre juma hilohilo, mama na mutoto pamoja.