SOMO LA UVUVI: MSHIPI MWEPESI KATIKA GHUBA YA KIGOMA

Katika kata ya Mtendeni, mjini Tabora, samaki wa Ziwa Tanganyika si mgeni. Reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 inakaribiana na njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora na kuishia Ujiji. Kutoka Kigoma hadi Tabora ni kiasi cha kilomita 400, mwendo mrefu kwa samaki mbichi. Ndiyo maana dagaa huanikwa wakakauka kabla ya kusafirishwa.

Mvuvi wa mshipi huko Kigoma hutoka na mtumbwi kabla ya jua kuchomoza, na saa hiyo ina sababu yake. Usiku dagaa hupanda juu kufuata vijidudu vya majini, na kukipambazuka hushuka. Mgebuka na sangara huwafuata. Ziwa hilo lina kina cha mita 1,470, lakini upande wa kaskazini, chini ya mita 100 hivi, maji hayana hewa ya kumtosha samaki. Basi kina chote hicho hakimhusu mvuvi. Riziki yake imo katika tabaka la juu.

Vyombo vyake ni vichache: mshipi mwembamba wa nailoni, ndoana ndogo, chubwi jepesi, na dagaa kuwa chambo. Maji ya ziwa hilo ni maangavu sana, na mshipi mnene humshtua samaki. Mshipi mwembamba pia huleta habari kidoleni mara tu chambo kinapoguswa. Samaki mkubwa akinasa havutwi kwa nguvu. Huachiwa mshipi aende, akichoka hurejeshwa taratibu, akikimbia tena huachiwa tena. Mwenye pupa hubaki na mshipi uliokatika.

Ziwa Tanganyika lina aina nne za jamaa ya sangara, mgebuka akiwa mmojawapo. Wote ni wenyeji wa ziwa hilo, tofauti na sangara wa Ziwa Victoria, ambaye alipandikizwa katika miaka ya 1950. Aina tatu zilizobaki hukulia udogoni katika majani ya maji karibu na ufukwe. Hapo ndipo penye hatari. Kokoro likikokotwa juu ya majani hayo huzoa wachanga ambao wangefikia ndoana baada ya miaka kadhaa, na hung'oa maficho yao pia. Mvuvi wa mshipi hupata hasara asiyoiona: hurudi na ndoo nyepesi, akadhani samaki wamehama.

Wakaazi wa visiwani wataitambua hali hiyo. Changu na tasi nao hukulia katika majani ya baharini, kama yale ya Ghuba ya Chwaka, na Ghuba ya Menai ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997. Kwa Ziwa Tanganyika, ambalo nchi nne hulishiriki, Tanzania ilisimamisha uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wapate kuzaana. Miezi mitatu si mchezo kwa nyumba inayokula kwa mshipi, na haifai kuizungumza hatua hiyo kana kwamba haikuwa na gharama.

Hata mshipi wenyewe unaweza kudhuru. Kuhe, samaki mkubwa anayependwa sana katika ghuba hizo, hulea watoto wake, dume na jike pamoja, wakilinda kundi lao dhidi ya samaki wengine. Mmoja wao akivuliwa, ulinzi hupungua na wachanga huliwa. Kwa kuwa maji ni maangavu, jozi inayozunguka mahali pamoja juu ya mchanga huweza kuonekana kutoka mtumbwini. Mvuvi akiiona, hukunja mshipi na kupiga kafi mbele kidogo.