Boti Imezuiwa na Upepo: Siku ya Ziada ya Familia Unguja

Kijitabu cha elimu kwa familia zinazosafiri kwa bahari kati ya Unguja na Dar es Salaam

Mabegi yamefungwa, watoto wameshavaa viatu, bibi ameshaagana na wenyeji, halafu pale bandarini Malindi linatoka tangazo: leo boti haziondoki, bahari imechafuka. Baba anatupa macho upande wa Forodhani, anaona maji yametulia na jua linawaka, na moyoni anahisi ameonewa.

Hajaonewa. Upepo wa kusi huanza kuvuma mwezi wa Aprili hivi ukaendelea hadi Septemba, na nguvu zake huzidi Juni mpaka Agosti, ndiyo miezi ya likizo ambayo familia nyingi huvuka. Upepo huu hutoka kusini na kusini mashariki, nao Mji Mkongwe umekaa ubavu wa magharibi wa kisiwa, umejificha nyuma ya nchi kavu. Maji ya gatini yanaweza kulala kama ya kisima huku mkondoni, ukishakiacha kisiwa cha Chumbe nyuma, mawimbi yanapanda. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi makubwa, inazungumzia bahari ya huko nje usikoiona.

Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu huo wa kusi, MV Skagit ilitoka Dar es Salaam kuja Unguja na ikazama karibu na Chumbe katika upepo mkali. Miezi kumi kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilikuwa imezama ikielekea Pemba, imejaza watu kupita uwezo wake. Zipo nyumba Unguja, Pemba na Bara ambazo hadi leo zinahesabu waliopotea. Kwa sababu yao tunaomba: boti ikizuiwa, usimshinikize nahodha wala karani wa dirishani. Na usikubali kamwe mtu akuambie ipo mashua inayovuka kwa siri jioni. Mwenye watoto hana biashara na mashua hiyo.

Kabla hamjaondoka bandarini

Tiketi kwanza. Nenda dirisha la kampuni yenyewe, uliza safari yako imehamishiwa saa ngapi, na hakikisha mabadiliko yameandikwa kwenye tiketi au yametumwa kwenye simu yako. Papasi, madalali wanaowaandama wasafiri, watakufuata wakisema wao wana njia ya haraka. Washukuru, uendelee na foleni.

Kisha dawa. Hili wengi hulisahau, na ndilo linaloweza kuharibu siku kweli. Mgonjwa wa presha, wa sukari au wa pumu hubeba vidonge vya siku za safari tu, haongezi hata kimoja. Hesabuni zilizobaki hapo hapo, na zikipungua tafuteni duka la dawa mapema, mkiwa na pakiti au cheti mkononi. Kwa safari zijazo, beba dawa za siku tatu za ziada, na maziwa ya mtoto mchanga vivyo hivyo.

Malazi yasiwatie hofu. Rudini mlikolala jana kabla chumba hakijapewa mtu mwingine. Kama mlifikia kwa ndugu, msione haya kurudi. Shangazi aliyewapikia jana atakasirika zaidi akisikia mmelala gesti. Ila pitieni Darajani mnunue samaki au mchele, msirudi mikono mitupu. Mpigieni simu mwalimu na mwajiri mara moja, mweleze kwamba boti zimezuiwa, yaishe.

Siku yenyewe

Kosa tunaloliona mara kwa mara ni familia kutaka kulipia hasara: Nungwi asubuhi, mashamba ya viungo mchana, kobe wa Changuu alasiri. Watoto wanalia, fedha za akiba zinakwisha, na kesho yake wote wanapanda boti wamechoka. Changuu kwenyewe kunahitaji kuvuka maji, na leo si siku ya maji. Chagueni jambo moja, na mwachieni mtoto mkubwa alichague.

Akipenda wanyama, nendeni Jozani, kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini. Daladala za Makunduchi na Jambiani hupita mlangoni kwake. Humo wanaishi kima punju, wenye mgongo mwekundu na nywele zilizosimama kichwani, na duniani kote hawana makao ya asili ila Unguja. Mwonyesheni mtoto wanavyokula majani, kisha mwambieni kwamba kima hawa hula na mkaa, kwa kuwa mkaa hunyonya sumu iliyomo katika baadhi ya majani. Atawasimulia wenzake darasani. Msiwalishe wala kuwagusa. Maradhi ya binadamu huwaingia kirahisi. Upande wa pili kuna njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, na hata bibi mwenye magoti mabovu ataimudu taratibu.

Mkibaki mjini, tembeeni kwa miguu. Wazazi wengi kutoka Bara wamepita Mji Mkongwe mara kumi wakikimbilia bandarini bila kuingia Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na mwaka huo huo ukawekwa msingi wa kanisa kuu la Anglikana lililosimama hapo hadi leo. Nje yake kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuoneshwa. Mwambieni ukweli kwa maneno machache, mkae naye kimya, mjibu anachouliza. Sisi tunaona hakuna somo la historia shuleni linalofikia nusu saa hiyo, mradi mzazi asiiharakishe.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kufika Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwafukuza Wareno. Jirani yake ni Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Vijana waelezwe kwamba mji ulio katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 nao huzeeka, na hauponi bila kutunzwa.

Mnapopita vichochoroni, salimieni barazani. Anayeketi pale na kikombe cha kahawa ni mtu aliye nyumbani kwake, kwa hiyo ombeni ruhusa kabla ya kumpiga picha. Mabega na magoti yafunikwe, watoto wakubwa pia. Wazee wawili wakicheza bao, mwacheni mtoto asimame aangalie. Mara nyingi ataitwa akae karibu, aelekezwe. Usimvute mkono.

Jioni, nunueni bakuli za urojo, mkae Forodhani. Vijana wa mjini hujirusha baharini kutoka ukingoni, na mtoto wako atataka kuwaiga. Mkatalie. Wao wameyazoea maji hayo tangu utotoni, yeye hayajui, na bahari iliyozuia boti si ya kumjaribia mgeni.

Rudini kulala mapema. Kabla ya kutoka asubuhi, sikilizeni taarifa ya hali ya hewa na ipigieni simu kampuni ya boti muulize kama safari ipo. Mkifika bandarini muwe na tiketi na vitambulisho vya watu wazima wote mkononi. Kusi ikitulia, boti hutumia takriban saa mbili kufika Dar es Salaam.